Tulivyoziba Banyo la Haboba

Juzi nilikwenda soko la Konyo Konyo, hapa Juba, kutafuta dagaa, nikapita mbele ya karakana ya kunyoosha bodi za magari. Mafundi walikuwa wamefungua kopo la gundi ya faiba, ile dawa nzito yenye harufu tamu na kali kwa pamoja, inayopanda puani na kukaa huko. Miguu ikakataa kwenda. Mama mmoja muuza nyanya aliniuliza kama malaria imenipanda. Nikamwambia hapana, mama, ni harufu tu. Akanisogezea kigoda nikakaa.

Rafiki yangu, na wewe kaa. Harufu ile ilinirudisha Nyakuron, kwenye ua wa bibi yangu, mwaka ambao nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Bibi tulimwita Haboba, kama watoto wengi wa Juba wanavyowaita bibi zao. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana iliyochubuka kwa sabuni, maana kazi yake ilikuwa kufua nguo za wageni katika kambi moja karibu na mto. Wageni wale walipofunga kambi na kuondoka, waliwaambia wafanyakazi wachague kila mmoja kitu cha kubeba. Wengine walichagua viti, wengine feni, wengine magodoro. Haboba akachagua hodhi la kuogea. Lilikuwa jeupe, la faiba, refu kama mtu mzima aliyelala. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, kwa kuwa nyumba yetu haikuwa na bomba wala bafu. Yeye akalipandisha kwenye mkokoteni, akalitembeza mchana kweupe hadi Nyakuron, nami nikitembea nyuma yake kichwa juu kama niliyefuata harusi.

Aliliita banyo. Tuliliweka uani karibu na jiko la mkaa, tundu lake la kutolea maji tukaliziba kwa gunzi la hindi lililofungwa kitambaa. Kila Jumamosi mwenye gari la maji alipiga honi barabarani, akavuta mpira wake hadi kwetu na kulijaza kabla ya mapipa ya wengine. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua. Basi watoto wote wa mtaa walioshwa kwa ajili ya kanisa la kesho yake: wa kwetu, wa mwenye gari la maji, wa jirani yetu Mganda aliyekuwa akisuka nywele sokoni na kuishi ng'ambo ya ua wetu wa mianzi. Haboba alitushika shingo mmoja mmoja na kutusugua kwa dodoki hadi ngozi ikalia. "Mtoto mchafu ni wa mama yake," alikuwa akisema. "Akishaoga ni wa kanisa zima."

Pembeni alikaa mwalimu wetu wa shule ya kanisa, tuliyemwita Ustaz, maana Juba kila mwalimu ni ustaz, na glasi yake ya chai ya tangawizi. Hakuwa na mke wala mtoto. Alitutajia maneno tukiwa na povu machoni, nasi tukayataja herufi kwa herufi. Ukikosea, Haboba anakumwagia kopo la maji baridi kichwani. Kisra, mkate wetu wa mtama, ilikuwa ikiokwa kwenye bamba la chuma, nyembamba kama karatasi, na redio ya jirani ilikuwa ikiimba nyimbo za Kampala. Kama kuna mbingu, mimi nitaomba iwe na Jumamosi.

Kisha risasi zikaanza.

Zilianza mbali, upande wa Gudele, kama mtu anayepasua kuni. Kufikia asubuhi ya pili mabati yetu yalikuwa yakitetemeka, na watu walikuwa wakikimbia barabarani na magodoro vichwani. Nilimwona mwanamke amelala mlangoni pa duka, nguo yake ya kijani imempanda magotini, nzi wakimtembea usoni. Nilidhani amelewa. Haboba akanigeuza kichwa kwa nguvu hadi shingo ikalia.

Siku zile watu waliulizwa kabila kabla ya kuulizwa jina. Kabila la Ustaz ndilo lililokuwa likitafutwa mtaani kwetu.

Alikuja mbio akiruka ua, shati limepasuka, kiatu kimoja mguuni. Haboba alikuwa akifua. Alisukuma banyo kwa bega, maji yote na nguo vikamwagika chini, akamwambia, "Lala." Ustaz akalala kifudifudi kwenye matope ya sabuni, na banyo likageuzwa juu yake kama mfuniko wa sufuria. Haboba akatandaza mashuka mabichi juu, kama mtu anayeanika.

Waliingia wanaume wanne wenye bunduki. Walivunja mlango ambao haukuwa umefungwa. Walitoa godoro, unga, sufuria, redio ya Haboba, hata picha ya ubatizo wangu waliitoa kwenye fremu wakachukua fremu.

"Mwalimu yuko wapi?" aliuliza mkubwa wao.

"Wanangu, shule imefungwa," alisema Haboba. "Mwalimu atakuwa na kazi gani hapa?"

Mkubwa yule alimpiga kitako cha bunduki mdomoni. Nilisikia mlio wake, kama hindi kavu linapovunjwa. Haboba alikaa chini, akatema damu na jino kiganjani, akalitazama jino lile kana kwamba ni la mtu mwingine. Mimi nilijikojolea. Hakuna aliyeniona.

Mmoja wao, kijana mwembamba mwenye shati la jeshi lililomzidi mikono, alipanda juu ya banyo ili achungulie ng'ambo ya ua. Faiba ikalia na kupasuka chini ya buti zake. Akashuka kwa hasira, kama mtu aliyechekwa. Akalipiga kitako cha bunduki mara kadhaa, halafu akarudi nyuma hatua chache na kulipiga risasi mbili.

Ustaz hakutoa sauti. Mpaka leo sijui mwili wa binadamu unawezaje jambo hilo. Ila nilipotazama chini ya ukingo wa banyo niliona wekundu ukitoka taratibu na kuingia kwenye maji ya sabuni, ukijipinda kama uzi. Haboba naye aliuona. Akanyanyuka na damu yake kidevuni, akamkamata jogoo wetu aliyekuwa amejibanza chini ya kinu.

"Ya bit," yaani ewe binti, aliniita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniita kula. "Njoo unishikie miguu."

Nikaishika. Alimchinja jogoo yule palepale, miguu yake ikigusa banyo, na damu ikaruka juu ya mashuka, juu ya faiba, juu ya gauni langu, ikajaa kwenye maji yale. Jogoo alinipiga mbawa usoni, nami sikumwachia.

"Chukueni mle, wanangu," alisema Haboba. "Mna njaa. Nendeni mle."

Kijana yule alicheka. Alimchukua jogoo kwa miguu, bado anatapatapa, wakatoka na vitu vyetu huku wakiacha michirizi ya damu ya jogoo barabarani.

Tulipoinua banyo, Ustaz alikuwa ameuma mkono wake mwenyewe hadi nyama. Risasi moja ilikuwa imezama ardhini karibu na sikio lake. Nyingine ilikuwa imempitia bega na kutokea upande wa pili. Tulimburuta ndani, tukamlaza nyuma ya mapipa. Jirani alikuja kupitia tundu la ua na chumvi, pombe kali na kanga. Haboba alilazimika kulipanua jeraha kwa wembe ili atoe vipande vya faiba na shati vilivyoingia na risasi. Jirani alimkalia Ustaz miguuni, mimi nikamshika kichwa, kitambaa mdomoni mwake. Nilihesabu nyufa za ukuta.

Kesho yake jirani alisimama mbele ya banyo, mikono kiunoni. Kiswahili chake kilikuwa cha Uganda, hakikubabaishwa na sarufi.

"Mama, hii damu iko ndani ya hii kitu. Ona hapa. Hawezi toka na sabuni."

Kweli. Faiba ikipasuka inafumuka nyuzi nyuzi, na nyuzi zile zilikuwa zimekunywa damu kwa ndani, kuzunguka matundu na mpasuko wote. Damu ya jogoo ilikuwa nje. Ndani ilikuwa ya mtu, na mtu yeyote angeuliza jogoo aliingiaje chini ya banyo. Kulichoma moto kungetoa moshi mweusi wa kuita mtaa mzima. Kulitupa tusingeweza, nani angelibeba barabarani siku zile?

"Basi tutaliziba," alisema Haboba.

"Wewe najua kuziba?"

"Hapana. Wewe?"

"Mimi najua nywele."

Soko lilipofunguka kidogo, jirani alikwenda kwa mafundi wa magari akarudi na kopo la gundi, kichupa cha dawa ya kugandisha, na kipande cha kitambaa cheupe kilichofumwa kwa nyuzi za kioo, akiwa amevificha chini ya nywele bandia. Maelezo kwenye kopo yalikuwa ya Kiingereza. Nililipeleka nyuma ya mapipa, Ustaz akayasoma kwa sauti ya homa, nami nikatoka kuyarudia uani. "Changanya kidogo kidogo," ndicho nilichokumbuka. Haboba aliamini kwamba dawa ikizidi ndiyo huponya haraka, akamimina nusu ya kichupa.

Gundi ikachemka bila moto. Kopo lilianza kufuka moshi mikononi mwake, likaungua, likapasuka. Akalitupa, na tone moja likamganda kiganjani likiwa moto. Likatoka na ngozi. Hakulia. Alimtukana marehemu babu yangu, ambaye hakuhusika kwa lolote.

Mara ya pili alitia matone machache. Tulibandika kitambaa juu ya matundu, tukakilowesha kwa brashi, tukakaa kutazama. Kiligandia vizuri, kigumu kama kucha. Asubuhi Haboba alikigusa kwa kidole, kikabanduka chote kwa pamoja, kama kisra inavyoachia bamba. Kilikuwa kimeshika juu ya utelezi, hakikushika banyo. Na damu bado ilikuwa palepale, kahawia sasa, ikitutazama.

Nilipomweleza Ustaz, alilishika bega lake lenye kidonda. Kisha akasema, "Mwambie Haboba afanye kama alivyonifanyia mimi."

Basi tukafanya hivyo. Haboba alichukua wembe na msasa, akakata nyuzi zote zilizolegea, akayapanua matundu yale badala ya kuyafunika, akayachonga kingo zake zikalala kama mteremko, hadi ile kahawia ikaisha na faiba safi ikaonekana. Tulisugua pande zote kwa zamu hadi utelezi ukafa. Vumbi lake ni kioo, rafiki yangu. Liliingia kwenye mikono, shingo, kope. Tulijikuna hadi tukatoka damu, na jirani akasema afadhali upupu. Akafuta sehemu zote kwa dawa yake ya kutolea rangi ya kucha. Kisha tukaweka kitambaa kikubwa, kingine juu yake, na cha mwisho kidogo, kila kimoja tukikibonyeza kwa brashi ili hewa itoke. Risasi zilikuwa bado zinasikika upande wa mto. Zikikaribia tunalala chini. Zikienda mbali tunanyanyuka na kuendelea kubonyeza.

Lilikauka juani mchana kutwa. Jirani alilipaka juu rangi nyeupe ya geti. Halikupendeza. Lilikuwa na vigaga kama goti la mtoto, lakini halikuwa na damu.

Tulilijaza maji kulijaribu, na palepale, alasiri ile, kijana mwembamba akaingia. Safari hii alikuwa peke yake. Uso wake ulikuwa wa vumbi tupu, macho mekundu, bunduki begani.

"Hili si lile nililolipiga?" aliuliza.

"Ndilo," alisema Haboba.

"Na halivuji?"

"Tazama mwenyewe."

Aliinama, akatazama chini, akapitisha kidole kwenye viraka. Mimi nilikuwa nikitazama mlango wa chumba alimolala Ustaz. Mtu angeweza kuufikia kwa kurusha kokoto. Kijana yule akacheka ghafla. Akaegemeza bunduki kwenye ukingo, akavua nguo zote, akaingia majini.

"Nisugue, Haboba," alisema. Alimwita hivyohivyo, Haboba, kama sisi.

Niliambiwa nitazame ukuta. Nilitazama kwa jicho moja. Mgongo wake ulikuwa na makovu ya viboko, ya zamani, yaliyopishana. Mbavu zilihesabika. Haboba alichukua dodoki akamsugua mabega, masikio, kisogo. Kisu kilichomchinja jogoo kilikuwa kiunoni mwake, kwenye fundo la kanga, mahali anapokiweka siku zote. Nilimwona jirani kwenye tundu la ua. Alipitisha kidole shingoni mwake mwenyewe, polepole, akimtazama Haboba.

Kijana alikuwa amefumba macho, akiimba wimbo wa kanisa, ule ambao mmoja anaanza na wengine wanaitikia. Alifika mahali pa kuitikiwa, akanyamaza, akaanza tena.

Mkono wa Haboba ulishuka kiunoni. Ukakaa pale. Kidevu cha kijana kilikuwa kimeinuka, koo lote wazi, lina povu. Nilisubiri atapetape, kama jogoo aliponipiga mbawa. Kisha mkono ule ukapanda, ukachota maji kwa kopo, ukamsuuza kichwa.

Kijana alivaa, akachukua sabuni yetu, akapiga teke birika la chai likamwagika, akaenda.

"Kwa nini?" jirani alimfokea akiingia. "Mama, kwa nini? Mungu alikuletea yeye kwa mkono!"

"Akishaoga kwako ni wako," alisema Haboba. "Utamchinjaje?" Kisha akaikalia mikono yake.

Ustaz tulimkuta amejiburuta chini ya kitanda, machozi yamejaa masikioni. "Unajua, bit," aliniambia, "aliponyamaza pale, karibu nimwitikie. Mdomo ulikuwa umeshafunguka."

Ningependa nikuambie kwamba wema ule ulizaa wema. Ustaz alipopata nguvu aliondoka kwenye lori lililokuwa likirudi Uganda tupu, amefunikwa magunia, na alifika salama. Hilo ni kweli. Bega lake halikunyooka tena. Lakini baada ya majuma machache, mchana, barabarani, kijana yule na wenzake walimsimamisha mwenye gari la maji wakataka ufunguo. Alikataa. Walimpiga kwa vitako vya bunduki mbele ya watu hadi hakuwa na uso. Jirani alikuwapo. Alisema ni yeye, yule mwembamba, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha.

Watu wa mtaa waliuleta mwili wake kwetu, kwa kuwa hawakujua mahali pengine pa kuulaza. Haboba akamwosha ndani ya banyo, kwa dodoki lilelile, watoto wa marehemu wakiwa wamegeuzwa uso ukutani. Kofia ya sufu ilikuwa imegandia kichwani. Aliilowesha maji ya vuguvugu kwa muda mrefu sana ili isimuumize ikitoka. Jirani alisimama karibu akimchotea maji.

"Ile siku ungekata, Mama," alisema, bila hasira sasa.

"Najua," alisema Haboba.

Nimekaa na jibu hilo miaka yote hii, na mizani yangu haijatulia upande mmoja. Kuna siku namwona yule mnene na honi yake, nasema kisu kilikuwa palepale. Kuna siku nauona ule mgongo wenye viboko, nanyamaza.

Tulivuka mpaka mwaka huohuo, tukiwa na kilichoweza kukaa kichwani. Haboba alikufa kambini Uganda, usingizini, na Ustaz alisafiri kutwa nzima kuja kuimba kaburini. Jirani alirudi kwao. Mimi nilisomeshwa Kenya, nikapata Kiswahili hiki ninachokuandikia, nikarudi Juba kufanya kazi, na sasa naishi Gudele.

Siku ile ya dagaa, nilipoacha kigoda cha yule mama, sikwenda nyumbani. Nilimwambia wa bodaboda anipeleke Nyakuron. Mtaa wetu umejaa kuta za matofali, ndefu, zimepandwa vipande vya chupa juu, na mageti ya chuma yaliyofungwa. Nilizunguka kutafuta mahali ua wetu ulipokuwa na sikupata hata pembe yake. Zamani ua wote ulikuwa wa mianzi. Ulijua nani anapika bamia kavu, nani amegombana na mumewe, mtoto wa nani ana homa. Ukikohoa, ng'ambo ya mianzi mtu ambaye humwoni anakwambia, "Malesh, pole." Hujamwomba. Na wewe unamjibu, "Ahsante," na kila mtu anaendelea na kazi yake.

Lori lilipita likainua vumbi, nikakohoa. Nikakohoa tena, safari hii kwa makusudi, karibu na ukuta. Nikasubiri kidogo.